Kengele ya Maji Siyo ya Kombe

Nilikuwa napiga kwa mikono miwili, na mdogo wangu alikuwa ananipungia.

Naanza hapo kwa sababu ndipo ninaporudi kila siku, nikiwa na jembe mkononi au sufuria motoni. Jua lilikuwa linawaka. Kule chini, juu ya mawe makubwa kando ya mto, mdogo wangu alikuwa ameanika mihogo myeupe, unaiona hata kutoka kilimani kwenye kanisa letu. Mimi nilikuwa chini ya rimu tunayoifanya kengele, chuma mkono huu, chuma mkono huu, napiga bila kuachia nafasi, mlio ulioshikana. Kwetu mlio huo una maana moja: maji yanashuka, acha ulichoshika, panda. Mdogo wangu alinyoosha mgongo, akaangalia juu. Akachomoa simu kwenye kitenge, akaitazama, kisha akainua mkono akauzungusha hewani. Endelea. Endelea, dada, usiache.

Alikuwa ananihesabia dakika.

Nikazidisha. Nilivyozidisha ndivyo alivyofurahi. Wanawake wawili waliokuwa wanafua juu yake kidogo wakaanza kupiga makofi, niliona mikono tu, sauti haikufika. Nikiacha kupiga nikimbie chini, njia inazunguka mlima, ni mwendo wa nusu saa hata kwa mtu mwenye haraka, na kengele ikinyamaza watasema nimechoka. Nikiendelea, wanacheka. Mama aliyekuwa anafagia kanisa nilimtuma akimbie, akaenda ameshika ufagio. Alifika nusu ya njia. Mimi nilipiga nikilia, nikiita jina la mtu ambaye hanisikii. Halafu mto ukazunguka kona, rangi ya udongo, umebeba miti mizima imesimama wima ndani ya maji.

Wale wawili waliruka ukingoni, wakapona. Mdogo wangu alikuwa kwenye jiwe la mwisho. Nilimwona anageuka, na bado ameshika simu.

Simu yenyewe ilikuwa yangu. Nilimwachia asubuhi ile kwa mkono wangu mwenyewe.

Anayesoma haya asidhani ni mwalimu anaandika. Nilisoma mpaka darasa la tatu nikatolewa nikalee wadogo zangu, na huyu ninayemwandika ndiye niliyembeba mgongoni. Kiswahili nilikipata kambini. Niliolewa na askari, nikaishi naye kwenye nyumba za mabati za kambi tatu, na kambini ukitaka nafasi kwenye bomba la maji lazima useme Kiswahili, maana jirani wa huku ni Mwacholi, wa kule ni Mteso, na hakuna anayesikia Kikonzo chako cha nyumbani. Mume wangu alipokufa kwa ugonjwa nilirudi kwetu Karambi na godoro, watoto, na Kiswahili. Ndicho naandikia, kwa sababu wanaotakiwa kusoma wako Kasese, Muhokya, Hima na Bwera, na wote wanakisikia. Katibu wa umoja wetu wa wapiga kengele ana faili. Mimi nina daftari la kurasa tisini na sita, na nitalijaza.

Kengele yetu si kengele. Ni rimu ya lori la saruji, ilitoka kwa fundi wa magari pale Hima, ikaning'inizwa kwa mnyororo kwenye nguzo mbili za mkaratusi mbele ya kanisa. Kengele ya shaba wanayo wa parokia. Sisi wa vigango, makanisa madogo ya vijijini, tuna marimu, na rimu ikipigwa vizuri inafika mbali kuliko shaba, hilo hata wa parokia wanakiri wakiwa peke yao. Kuna mlio wa kuita, ule wa kabla ya misa. Kuna mlio wa msiba: unapiga moja, unangoja sauti ife yenyewe, ndipo unapiga nyingine. Na kuna mlio wa maji.

Mlio wa maji haukutungwa na umoja. Tuliukuta. Mvua inanyesha huko juu milimani ambako hatuoni, hapa chini jua linakausha nguo, na mto unakuja bila kubisha hodi. Anayesikia mawe yanagongana kule juu anapiga vyuma viwili bila nafasi. Kigango kinachofuata chini kikisikia kinapokea, na kinachofuata, na kinachofuata, mpaka Bwera. Hakuna kuuliza. Unapokea kwanza, utauliza ukiwa juu.

Najua unafanya kazi kwa sababu uliniponyesha mimi. Mwaka niliorudi kutoka kambini, mpiga kengele wa wakati ule, ambaye sikio lake moja lilikuwa limekufa kwa sababu ya rimu, alipiga mlio huo saa nne asubuhi. Nilikuwa nimeinjika maharage. Nikashika watoto wangu wawili, mdogo wangu akamshika mama, tukapanda bila viatu. Maji yalichukua nyumba, mbuzi na nusu ya shamba la ndizi. Kule juu kanisani tulihesabiana, kijiji kizima, tukatimia. Tulikuwa hatuna hata kijiko, lakini tumetimia. Siku hiyo nilimwambia yule mpigaji, nifundishe. Akanitazama mikono, akasema, "Ya mwanamke?" Nikamwambia mikono hii imekamua nguo za askari miaka kumi. Akanipa chuma.

Alipozeeka akaniachia. Kwa hiyo wakati umoja wa wapiga kengele ulipoanzishwa, kutoka Kasese mpaka huku mpakani, mimi nilikuwa mwanamke wa tatu au wa nne kwenye orodha, na sikuingia kwa kubebwa.

Nisiseme uongo, umoja ulikuwa mzuri. Waliopasukiwa na rimu walipata nyingine. Tulifundishana. Pasaka ya mwaka huo tulikusanyika Kasese, kila kigango na rimu yake, watu wa Hima wakaleta moja kubwa kiasi kwamba wanaume wawili waliibeba kwa mti begani kama nyama ya ng'ombe. Tukazipanga uwanjani, kengele ya shaba ikaanza, sisi tukapokea, tena kwa mwendo mmoja. Nilikuwa sijawahi kusikia kitu kama kile. Ardhi ilikuwa inapanda miguuni. Mwanajeshi mmoja barabarani aliondoa kofia bila kujua ni kwa nini. Nikarudi nyumbani nimesimama mgongoni mwa lori, rimu kati ya magoti, naimba. Katibu aliandika yote hayo kwenye taarifa yake ya mafanikio, na aliandika kweli.

Ni mkutano uliofuata, wa Muhokya, ulioniharibia maisha.

Mwenyekiti wetu ni mfanyabiashara wa Kasese. Alikuja na kombe, akaliweka mezani, likang'aa kiasi kwamba hakuna aliyekuwa anamtazama yeye. Katibu, ambaye alikuwa mwalimu kabla ya kustaafu na bado anasema na watu wazima kama wana kamasi, alisimama na faili akasoma vipengele vya mashindano. Cha kwanza, usafi wa sauti. Cha pili, kupokezana. Cha tatu, mlio mrefu: atakayepiga mlio wa maji muda mrefu kuliko wote bila kupoteza mwendo, huyo ndiye bingwa.

Nikanyoosha mkono. "Katibu, huo mlio si wa kuchezea. Watu wakiuzoea?"

"Mama wa Karambi, wauzoee vipi? Watu si ng'ombe."

Wakacheka. Rafiki yangu akasema kwa sauti kutoka kwenye benchi la nyuma. Huyu ni mama Mkongo, alikimbia vita kule upande wa Beni, anauza vitenge soko la Bwera na anapiga rimu ya kigango cha pale chini, cha mwisho kupokea mlio wetu.

"Ngombe ingekimbia," alisema. "Mutu ndiye anabakiaka kuangalia."

Wakacheka zaidi. Mwenyekiti akasema tupige basi mlio mwingine. Katibu akamjibu kwamba milio mingine haionyeshi nguvu, nani atakuja kutazama mashindano ya mlio wa msiba? Hapo hata mimi nilicheka. Liandikwe na hilo.

Aliyetuokoa, tulidhani, ni afande. Alikuwa sajini, amestaafu, bado anaishi karibu na kambi, na umoja ulimchukua awe mwamuzi kwa sababu ana saa na filimbi na hana ndugu yeyote upande wetu. Alisimama wima.

"Rahisi! Piga tatu. Nyamaza. Halafu anza. Mutu akisikia tatu, mashindano. Hakuna tatu, maji. Kimbia! Maswali? Hakuna. Kaa chini."

Lilikuwa wazo zuri. Hata leo nasema lilikuwa zuri. Katibu akaliandika. Akasema ataandika barua kwa kila kigango, isomwe na katekista Jumapili tatu mfululizo kabla hatujaanza mazoezi, ili hata mtoto ajue. Akauliza nani anakubali. Niliangalia kombe. Nikanyoosha mkono.

Mwezi haujaisha nikaanza mazoezi. Katekista wetu alikuwa hajasoma barua. Nikasema itasomwa Jumapili ijayo. Jumapili ijayo haikusomwa, nikasema ijayo. Mimi nilikuwa napiga tatu zangu, nanyamaza, ndipo naanza, kama tulivyokubaliana, na nilijiona mtiifu.

Mdogo wangu ndiye aliyekuwa mwamuzi wangu wa nyumbani. Simu yake ilikuwa ya tochi, haina kipimo cha dakika, kwa hiyo nilikuwa namwachia yangu. Alikuwa anakaa mtoni na mihogo yake, ananisikiliza, na jioni ananiletea hukumu.

"Leo umelegea katikati."

"Sikulegea."

"Ulilegea. Nilisema, huyo ameona nyoka au ameona mwanamume."

"Nyamaza, wewe. Dakika ngapi?"

"Chache kuliko juzi. Kombe litaenda Hima, nakuambia. Wale wanakula nyama."

Siku moja aliniuliza, "Hizo tatu za kwanza ni za nini? Unakohoa?"

Nikamwambia, "Ni mambo ya umoja. Utasikia barua ikisomwa kanisani."

Ndivyo nilivyomjibu. Mtu niliyembeba mgongoni. Ningemwambia kwa maneno matano, tumekaa jikoni, tunamenya viazi. Lakini nilikuwa naona raha kuwa na jambo la mkutanoni ambalo yeye halijui, na kwamba litakuja kwa barua, lenye mhuri, lisomwe na jina la Karambi ndani yake. Mtu aliyetolewa shule darasa la tatu anaiheshimu barua kuliko anavyojiheshimu. Hilo ni kosa langu, nimelibeba, sijaliweka kwa mtu mwingine. Sasa nitayataja ya wengine.

Mashindano ya kwanza yalikuwa Bwera, siku ya soko, watu wamejaa mpaka juu ya magunia. Zamu yangu ilipofika nikapiga tatu, nikanyamaza. Afande akaniangalia, saa mkononi.

"Wewe mama, unangoja basi? Piga!"

"Afande, si ulisema tatu?"

"Hapa kila mutu anaona ni mashindano. Usinipotezee muda. Kamata chuma!"

Waliokuja baada yangu hawakupiga tatu hata mmoja. Aliwaacha. Na waliporudi kwenye vigango vyao wakaendelea hivyo hivyo na mazoezi, bila tatu, kila wiki, mto mzima kutoka juu mpaka mpakani.

Nilishinda, wakanipa cheti. Siwezi kusema sikufurahi. Mdogo wangu alivuka kamba akavua kitenge cha begani akaifunga rimu yangu kama mama mzazi, akacheza kuizunguka. Rafiki yangu wa Bwera, ambaye huniita yaya, yaani dada kwa Kiswahili cha kwao, alinishika mikono akaigeuzageuza mbele ya watu.

"Yaya, hii mikono ni ya kutwanga majani ya sombe ao ya kuvunja kanisa?"

Fainali ilikuwa ifanyike Kasese, baada ya mavuno ya kahawa. Tukazidisha mazoezi. Watoto wakawa wanaimba mlio wa maji kwa mdomo wakienda shule. Wanaume kwenye duka la soda walikuwa wanabishana nani ana mwendo mzuri, mimi au yule wa Muhokya. Wanawake mtoni walikuwa wanafua nguo kwa kufuata mapigo yangu. Nilipita nikawaona, sabuni na mapigo, sabuni na mapigo, nikajivuna.

Ndipo ikaja ile asubuhi. Nilikuwa nimepanda kanisani kubadilisha mnyororo uliokula kutu kabla ya mazoezi. Mnyororo mpya ulikuwa umeshaingia, nimesimama kuupima kwa mkono, nikasikia mawe. Ukiwa umeyasikia mara moja huyasahau. Ni kama lori linamwaga kokoto, halimalizi. Nikashika vyuma. Na nasema hapa, kwa akili zangu zote: sikupiga tatu. Nilijua sheria. Hakuna tatu, maji. Nilikuwa na uhakika kwamba mahali fulani, kwenye Jumapili ambayo labda mimi nilikuwa shambani, barua ilikuwa imesomwa, na kwamba kukosekana kwa zile tatu kungesema na watu.

Mengine mmeyasoma juu.

Tulimpata siku ya pili, karibu na Bwera, kwenye mchanga. Mlio wa msiba niliupiga mwenyewe. Watu walisema mpe mtu mwingine akusaidie, nikakataa. Moja, unangoja sauti ife. Nyingine.

Rafiki yangu wa Bwera alikuja matangani kwa miguu, maana daraja dogo lilikuwa limeondoka. Hakusalimia mtu. Alikaa chini mbele yangu, akavua kilemba.

"Yaya, nilikusikia," alisema. "Nilisikia kengele yako, nikasema, ule mama iko natafuta kombe. Nikaendelea kukata kitenge ya mutu. Sikupokea. Bwera yote hatukupokea."

"Lakini sikupiga tatu," nikamwambia.

"Tatu? Ile ya Muhokya? Nilifikiri waliiacha. Batu bote beko napiga bila tatu."

"Na barua?"

"Barua gani?"

Nilimwangalia mpaka akaogopa. Siku hiyo hiyo nilimwuliza katekista wetu, mbele ya watu wa matanga. Hakupata barua. Baada ya kumaliza matanga nilishika njia. Nilikwenda kigango kwa kigango, kwa miguu na kwa boda, kutoka huku juu mpaka Bwera, halafu nikarudi kwa barabara kubwa mpaka Muhokya, Kasese, Hima. Kila mahali niliuliza neno moja: Barua ya zile tatu, mliisoma? Kila mahali walinijibu kwa kuuliza, barua ipi. Wengine walinipa chai. Sikuinywa.

Katibu nilimkuta Kasese, nyumbani kwake, anasahihisha kitu kwa kalamu nyekundu, sijui cha nani, na wanafunzi hana tena.

"Pole sana, mama. Tulisikitika wote."

"Barua iko wapi?"

Hakujifanya hajui. Hilo nampa. Alifungua faili, akatoa karatasi, tena zimepangwa, moja kwa kila kigango, jina la kila kigango juu. Nikaona Karambi. Nikasoma, nasoma polepole, lakini nilisoma. Piga tatu. Nyamaza. Kila kitu kilikuwamo. Kizuri.

"Iliandikwa," alisema. "Unaona? Iliandikwa wiki ile ile."

"Kuandikwa si kusomwa."

"Ilikuwa inangoja mhuri. Barua bila mhuri si barua, mama, makatekista wangeikataa. Na mhuri anakaa nao mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa na safari nyingi."

"Miezi yote ile?"

"Mama, kuna utaratibu."

Nilikwenda kwa mwenyekiti dukani kwake. Aliniambia hakuna aliyemletea barua, angeletewa angegonga. Kwa hiyo mmoja alikuwa anangoja aitwe, mwingine anangoja aletewe, na kati yao hakuna hata mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Nimeupima.

Nikaenda mkutano wa mwaka nikiwa nimejiandaa kusema. Nilikaa mbele. Katibu akasimama kusoma taarifa ya mafanikio. Pasaka ya Kasese. Marimu mapya. Mwanamke wa kwanza kushinda Bwera. Watu wakanipigia makofi. Halafu akasoma hivi, nimeyashika kichwani: kigango cha Karambi kimeweka mlio mrefu kuliko yote mwaka huu, siku ya mafuriko, kwa ujasiri mkubwa wa mpigaji, na umoja unajivunia. Akataja dakika.

Zile dakika nilimpa mimi. Alikuja matangani, akaniinamia, akaniuliza taratibu, "Ulipiga muda gani, mama?" Nilidhani ananifariji. Nilihesabu kutoka jua lilipokuwa mpaka nilipoangusha vyuma, nikamwambia.

Mwenyekiti akaniita mbele akanipa cheti. Kina jina langu, zile dakika, na chini, upande wa kulia, mhuri. Wa bluu, wa mviringo, umegongwa vizuri, haukutawanya wino hata kidogo. Nikatazama vyeti walivyoshika wenzangu, vya zamani na vipya. Vyote vina mhuri. Vya Pasaka vina mhuri. Vya Bwera, vya mashindano yale ya siku ya soko, vilivyotolewa wakati barua zetu zinangoja ndani ya faili, vina mhuri.

Nikauliza hapo hapo, cheti mkononi. "Mhuri wa hivi vyeti vya Bwera ulipatikana wapi?"

Katibu akafunga faili.

"Nauliza. Ulipatikana wapi?"

"Mama," mwenyekiti akasema, "leo ni siku ya furaha. Tunakuheshimu. Hiyo ni kumbukumbu nzuri ya marehemu."

"Futa zile dakika kwenye taarifa."

Katibu akasema taarifa imeshapitishwa.

Afande peke yake ndiye aliyesimama. Alikuja mpaka nilipo, akavua kofia, akaweka filimbi mezani mbele ya kombe. "Mimi niliruhusu watu kuacha tatu," alisema. "Mimi nilikuambia unapoteza muda. Siamui tena." Akatoka. Sijamsamehe, lakini amejibu, na mtu aliyejibu simwandiki vibaya.

Cheti sijakichana. Watu waliniambia nikichome, sichomi ushahidi. Kiko ndani ya mfuko wa plastiki, nyuma ya daftari hili.

Rimu pia sijaiacha. Walidhani nitaiacha. Nimetoka kwenye mashindano, nimetoka na kigango chetu chote, na rafiki yangu ametoka na chake, na katikati yetu vimetufuata vyote vinavyopakana na mto. Kila wiki nashuka kwenye mawe, nasimama pale pale, nawauliza wanaofua, wanaochota mchanga, wanaoanika: ukisikia hivi unafanya nini? Nawapigia kwa mdomo, ta-ta-ta-ta-ta, bila nafasi. Asiyesimama na kupanda hatua ishirini mbele yangu, namchukulia beseni. Wananitukana. Mmoja aliniita mwendawazimu wa kengele. Nikamwambia panda, halafu unitukane kutoka juu. Akapanda. Mwezi uliopita mawe yaligongana tena kidogo, nikapiga, na nilipoangalia chini, mawe yalikuwa meupe tupu, mihogo tu, hakuna mtu. Bwera walipokea kabla sijamaliza pumzi ya kwanza. Maji hayakufika mbali siku hiyo. Hakuna aliyelalamika.

Kwa hiyo kazi yangu naifanya. Iliyobaki ni yenu wawili, na nawaandikia kwa vyeo vyenu kwa sababu kila mtu kutoka Hima mpaka Bwera anajua ni nani.

Wewe katibu, njoo Karambi na lile faili. Wewe mwenyekiti, njoo na mhuri. Njooni Jumapili, mchana, baada ya misa, watu wakiwepo. Tutashuka pamoja mpaka kwenye jiwe la mwisho. Katibu atasoma ile barua kwa sauti, yote, kama ilivyotakiwa kusomwa. Mwenyekiti ataigonga mhuri tukimwona, tupime inachukua muda gani. Nitaazima simu yenye kipimo.

Kisha mtanijibu, na mama yangu, ambaye bado yuko hai, atakuwa amekaa pale anasikiliza: wiki ile ya Bwera mhuri ulipokuwa mezani na wino wake, vyeti viko upande huu na barua ziko ndani ya faili, ni nani kati yenu aliyeanza na vyeti?